Kreti ya Soda Getini kwa Metroni

Barua nilikabidhiwa na tarishi mbele ya wagonjwa. Metroni wangu, mkuu wa wodi, alikuwa nyuma ya kioo cha ofisi yake, ananiona, lakini akaona afadhali atume mtu. Niliisoma nimesimama kando ya toroli la dawa. Uzembe kazini. Kikao cha nidhamu. Huenda nikafukuzwa.

Kosa nililijua. Nilishusha vyuma vya pembeni vya kitanda cha babu mmoja ili nimbadilishie shuka, nikaitwa kwa mgonjwa mwingine aliyekuwa akipaliwa, nikakimbia bila kuvipandisha. Babu akaanguka. Alipata nundu kwenye paji la uso na baadaye akanitania kwamba nimemwongezea kichwa cha pili, lakini kuanguka ni kuanguka, wala sikatai. Ila si muda mrefu kabla ya hapo, muuguzi mwenzangu, Mzungu kama metroni, alifanya vilevile na mgonjwa wake akaanguka vilevile. Yeye aliitwa ofisini, akanywa chai, akatoka anapangusa machozi, yakaisha.

Mimi ni Mrundi. Kibali changu cha kukaa Afrika Kusini kimeegemea kazi hii. Kazi ikienda, nacho kinakwenda, na watoto wangu wanaoota kwa Kizulu ningewapeleka wapi? Nilianza kuogopa kila kitu. Simu ikilia, naruka. Nyumbani, mtaani Bertrams, watu wakishangilia bao kwenye uwanja wa mpira wa jirani, moyo unanidunda kana kwamba wanakuja kunichukua mimi. Mke wangu ni msusi na hana subira na waoga. "Weye, kama ni kufa, kufa mara moja," aliniambia. "Unatuua sisi wote na huo uso wako." Siku nyingine ningecheka.

Ndipo nikamwendea mzee wa kanisa letu, fundi cherehani anayepanga chumba Berea, mtaa wa wahamiaji wenye sifa ya uporaji. Kwetu mkosaji hajipeleki mwenyewe kwa aliyemkosea. Hutumwa mtu mzima anayeheshimika, na mtu huyo haendi mikono mitupu. Wengine hubeba pombe. Sisi wa kanisani hubeba soda.

"Mutu mukubwa hajibiwi na karatasi, mwanangu," mzee alisema, akiweka mkasi chini. "Anaendewa. Nitamuona, tutaongea, basi, c'est tout."

Usiku huo nililala usingizi. Nyumba ya metroni kule Observatory, mtaa wa wenye nazo, wodi nzima iliijua, maana kila Desemba aliwaalika kula nyama choma. Mimi niliachwa kushika zamu, mwaka baada ya mwaka, na sikuwahi kuuliza kwa nini ni mimi tu.

Mzee alivaa suti na kofia, akaniambia mtaa ule unamtisha, akajitwika kreti begani, akapanda kilima. Alibonyeza kengele ya geti. Metroni akaona kwenye kamera mtu mweusi asiyemjua, anatabasamu, na kreti yake. Naye akabonyeza kitufe cha kuita walinzi. Gari lao lilifika mzee akiwa bado anaeleza habari zake kwenye kile kidude cha kuongelea. Walimpigisha magoti kando ya barabara, wakamwelekezea bunduki, wakamuuliza nani kamtuma. Akanitaja bila kusita, maana ndilo jambo lililompeleka.

Alirudi na kreti yake ileile, suruali ina vumbi magotini. "Hawakukunywa hata moja," alisema. Nilishindwa kumtazama kwa aibu.

Haukupita muda ikaja barua ya pili: nimetuma mtu kumtisha mlalamikaji nyumbani kwake. Mwakilishi wa chama chetu cha wafanyakazi, Mzulu mwenye mizaha mingi, aliisoma na mizaha ikamwisha. "Eish, bhuti, ndugu yangu. Soda? Lile la kwanza ningekutoa. Hili la pili ndilo linalofukuzisha watu." Nilikwenda kuzima moto kwa mafuta ya taa.

Siku ya kikao niliketi kando ya mwakilishi wangu. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja mfupi aliyeletwa kutoka hospitali nyingine. Mwakilishi wangu alieleza habari ya soda, kwamba ndivyo tunavyoomba radhi. Metroni aliinamisha kichwa. Kisha mwakilishi akamuuliza kama kuna wengine wodini waliowahi kusahau vyuma vya kitanda.

"Wapo," metroni akasema. "Nilizungumza nao."

"Na huyu?" mwenyekiti akauliza. "Ulizungumza naye?"

Metroni alizikusanya karatasi zilizokuwa mbele yake. "Hapana," akasema. "Niliogopa. Wale najua watanijibu nini. Huyu simjui. Nilidhani atasema namwonea kwa sababu ya rangi yake. Nikaona karatasi ni salama."

Miaka yote ile! Namwinulia wagonjwa, namshikia Desemba zake, kumbe ananiogopa! Hasira ilinipanda hadi masikioni, nikataka kusimama, mwakilishi akanikanyaga mguu.

"Salama kwa nani?" mwenyekiti aliuliza kwa sauti ya chini.

Mashitaka yote mawili yalifutwa. Iliagizwa nielezwe kosa langu kwa mdomo, kama walivyoelezwa wenzangu, na tangu hapo barua ya nidhamu haitoki wodini kwetu kabla mtu wa idara nyingine hajauliza kama mhusika ameitwa akasikilizwa. Nilimpigia mke wangu simu nikiwa karibu na lifti, nikalia, mwanaume mzima.

Metroni aliniita kesho yake. Alinieleza habari ya vyuma vya kitanda, nikaitikia. Kisha akasema, macho yakiwa dirishani, kwamba anajuta sana kwa yaliyompata yule mzee, na nimfikishie radhi zake. Kwetu hiyo ingetosha, kutuma mtu. Lakini nilikumbuka magoti yale yenye vumbi. Nikamwambia mzee anakaa Berea, si mbali, ampelekee mwenyewe.

Uso wake ukaiva. "Berea?" akasema. "Mimi naogopa kwenda Berea."

"Na yeye aliogopa kuja Observatory, Metroni," nikasema. "Lakini alikuja."

Nikatoka upesi kabla hajajibu, maana bado ndiye mkubwa wangu.