Birika la Baraza la Mawaziri

Nianze na ubaya wake, uzuri wake utajitokeza wenyewe: Ap Wangda, yaani Mzee Wangda, alikuwa na wivu. Si ule wa mume kwa mkewe. Mkewe angeweza kukaa kutwa akitafuna tambuu na wanaume wa jirani na mzee asijali. Wivu wake ulikuwa juu ya birika.

Kwa miaka kumi na tisa yeye ndiye aliyewamiminia mawaziri chai ya siagi katika chumba cha baraza, ndani ya ngome ya Thimphu, mji mkuu wetu. Mimi nilikuwa naosha vikombe jikoni, mlango wa pili, kwa hiyo nasema niliyoyaona. Yeshi, binti wa miaka ishirini na sita, kazi yake ilikuwa kuleta chai ya kuongezea. Aliifikisha kizingitini tu. Akithubutu kuchungulia ndani, mzee alimsukuma kwa kiwiko.

"We binti, mawaziri si sinema."

Kisha Mfalme akasema anawaachia wananchi nchi yao: watachagua Bunge, na chama kitakachoshinda ndicho kitakachounda baraza la mawaziri. Watu wengi walilia, wakimsihi asituache. Mawaziri nao wakaanza kujiuzulu mmoja mmoja wakaunde vyama, hadi waliobaki kushikilia serikali wakahesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Ap Wangda aliendelea kupanga vikombe vya wote. Nilivirudisha karai zima, vingi havijaguswa, na nilikuwa naviosha kwa hasira.

Siku moja tulimsikia redioni mmoja wa waliojiuzulu akiomba kura katika kijiji cha milimani. Mzee alitema tambuu.

"Umesikia? Lyonpo mzima, waziri aliyevishwa shali na Mfalme, anasema 'nichagueni mimi'! Hakufunzwa kwao?"

"Asiposema watajuaje kama anataka, Ap?" Yeshi akauliza.

"Watajua. Mtu anayefaa huonekana."

Lakini ikaja habari kwamba baraza jipya litapanga upya watumishi wake, na hapo mzee akaanza kukonda. Pilipili na jibini ya mkewe aliirudisha kama ilivyo. Yeshi akicheka na karani, yeye ananuna. Yeshi akisifiwa viatu, yeye anauliza vilinunuliwa kwa kazi gani. Usiniulize kama alimchukia. Alimwogopa, na aliona aibu kumwogopa mtoto.

Wiki moja baada ya uchaguzi, katibu mpya wa ofisi, Karma Loday, kijana aliyesoma ng'ambo na mwenye haraka zake, alituita sote watatu.

"Ap Wangda," alisema, "utaendelea kuhudumia baraza?"

Sasa kwetu mtu akikupa kitu hukidaki. Hata ukiwa na njaa unafunika mdomo kwa mkono, unasema meshu, meshu, hapana, hapana. Mwenyeji anakusihi mara ya pili, mara ya tatu, ndipo unapokea. Anayepokea mara ya kwanza huonekana hakushiba kwao. Mzee alikuwa na adabu hizo hadi kwenye kucha. Aliinama, akafunika mdomo.

"Hapana, bwana mkubwa. Nimezeeka. Wapo wanaofaa kuliko mimi."

Akangoja. Niliona masikio yake yamekuwa mekundu kwa furaha, kwa kuwa mara ya pili ilikuwa inakuja.

Haikuja. Katibu aliandika. "Asante, Ap. Umetumika vya kutosha, utasaidia stoo ya mazulia. Yeshi, wewe je?"

"Nataka, bwana," alisema Yeshi.

Hivyo tu. Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka kumkumbatia.

Siku tisa mfululizo mzee alikuja jikoni kwangu akiwa na vumbi la mazulia, eti anatafuta maji ya kunywa. Alikuja kumtazama Yeshi akifanya mazoezi.

"Anamimina kama anamwagilia shamba! Na mkono wa kushoto umelala."

"Nenda kwa katibu umwambie unaitaka kazi yako," nilimwambia.

"Nikaombe? Mimi?"

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Alinitazama kana kwamba nimemtukana mama yake. Hakwenda.

Siku ya kikao cha kwanza mawaziri wapya waliingia, shali zao za rangi ya machungwa bado zina mikunjo ya sandukuni. Yeshi akaingia na birika. Ap Wangda alisimama nyuma ya mlango, jicho kwenye mwanya, na mkono wake wa kulia ulikuwa unainama na kuinuka pamoja na wa yule binti. Yeshi alianzia kiti cha mbele, akazunguka, hakumwaga hata tone. Nilimsikia mzee akiguna kila kikombe kilipojaa salama. Mungu anisamehe, alikuwa anaombea limwagike.

Yeshi alitoka. Mzee alimpokonya birika.

"Nilikuwa nalitaka," alisema. "Siku ile nilikuwa nalitaka. Nalitaka mpaka sasa. Nikikuona nalo tumbo linaniuma."

Nilidhani Yeshi atacheka, au atamjibu kwa adabu. Aliketi juu ya gunia la mchele mwekundu, akajifuta uso.

"Najua, Ap. Miaka saba nimesimama kwenye mlango huo huo, tumbo linaniuma hivyo hivyo. Hukuniuliza hata mara moja."

Ndani wakaita chai. Mzee alilijaza birika, akapangusa mdomo wake wa kumiminia, akampa Yeshi.