Utepe wa Choo cha Diko

Mwanangu, siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu ni siku tuliyozindua choo. Usicheke. Au cheka kwanza umalize, kisha ukae unisikilize, maana nimechoka na nyinyi vijana, na uchovu wenyewe si wa miguu.

Ni wewe uliyenijia juzi baada ya swala ya alasiri, kofia imekushuka hadi kwenye nyusi. Ukasema, "Shikamoo, Mzee Msomi." Nikaitikia marahaba. Hata hujakaa vizuri, karatasi ikatoka.

"Tunakusanya sahihi za wazee, tumtetee Mheshimiwa. Wanamwandama. Wewe umeanza naye tangu zamani, neno lako zito."

"Wanamwandama kwa lipi?"

"Wivu tu, mzee. Majungu."

"Na karatasi inasemaje?"

"Inasema ni mtu safi. We saini tu hapa chini."

Saini tu hapa chini! Mwanangu, nilikaribia kumeza meno yangu, na yamebaki manne.

Jina la Mheshimiwa silitaji. Kofia yako inalitaja kwa herufi kubwa ambazo mtu aliye Saadani angezisoma bila miwani. Mimi nataka nikueleze kwa nini karatasi yako nimekaa nayo siku mbili, na kwa nini jina la Msomi, mnaloniita kwa heshima, likinifika masikioni bado linaniwasha.

Ujana wangu niliumalizia kwenye mashamba ya chumvi, nakwangua chumvi juani mpaka mguu ukipasuka damu inatoka na chumvi yake tayari. Sikupita shule ya mchana. Nilisoma madarasa ya jioni ya watu wazima, tumekaa juu ya magunia na vitabu magotini, na mwalimu wetu alikuwa mdogo kuliko viatu vyangu. Nikapasi hadi hatua ya nne, nikapewa cheti. Siku hiyo nikajitungia sahihi. Ilikuwa sahihi, mwanangu! Ilianza na herufi moja yenye tumbo, ikazunguka mara tatu, ikamalizia kwa mkia mrefu kama wa samaki taa. Nikasaini kila kitu. Nilisaini magunia, nilisaini mlango wa banda la kuku, nilisaini kwa mkaa mgongo wa punda wa jirani, na punda akaenda hadi Mbegani na jina langu akarudi nalo.

Basi wakati huo ndipo Mheshimiwa alipopata udiwani. Kijana mwenzetu, mweupe wa meno, ana salamu ya kila mtu. Akikukuta njiani atakuuliza hali ya mama, hali ya mbuzi, na mbuzi atamtaja kwa rangi yake. Siku moja akanikuta nimebeba kapu la chumvi, akasimama.

"Msomi mzima na cheti chako unabeba kapu? Kijiji hiki hakijui thamani yako."

Hilo neno lilinilevya. Nilirudi nyumbani natembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Baada ya wiki mbili, mkutano wa kijiji ukaitishwa, diwani akanipendekeza niwe katibu wa kamati ya ujenzi, mikono ikanyooshwa, makofi yakapigwa. Ujenzi wenyewe ulikuwa wa choo cha diko, pale wavuvi wetu wanaposhushia samaki na akina mama wanapokaangia.

Wewe umezaliwa huna habari na shida ya pale. Wanawake walikuwa wanafika dikoni alfajiri, wanasimama kwenye mafuta ya moto hadi jua linazama, na kwa haja zao walikuwa wanaingia mikokoni. Maji yakitoka, sawa, unapita kwenye tope. Maji yakijaa, mikoko imezama hadi kiunoni, huna pa kwenda. Unajibana. Shangazi yangu Mwanahawa, aliyenilea baada ya mama kufariki, alikuwa mkaangaji pale na alikuwa na ugonjwa wa sukari. Mtu wa sukari anajibana vipi saa sita nzima? Alikuwa hanywi maji kutwa, kwa ajili ya kuogopa kujaa kwa bahari. Mara mbili alianguka kando ya karai lake. Kwa hiyo choo kile cha matundu sita, mwanangu, mimi nilikiona kama hospitali.

Kikajengwa upesi mno. Mkandarasi alikuwa mtu wa diwani, kalizungushia eneo makuti, akasema watoto wasije wakaumia. Makuti yalipoondolewa, lahaula! Ukuta wa mbele una marumaru, rangi ya bahari, milango sita mipya inang'aa. Nadhani hata ikulu za dunia hazina milango kama ile. Na mbele ya milango yote sita, kutoka pembe hadi pembe, diwani kafunga utepe mwekundu. Mgeni rasmi anatoka wilayani kesho kutwa, kasema, na kabla yake asiguse mtu.

Asubuhi ya uzinduzi diwani akaniletea hati ya makabidhiano. Karatasi mbili. Sisi kamati tunathibitisha kuwa mradi umekamilika na unafaa kutumika. Chini kuna mstari, na juu ya mstari limeandikwa kwa taipu: KATIBU. Mwanangu, ule mstari ulikuwa unaniita kwa jina.

Nikiwa nimeinamia meza, kalamu mkononi, shangazi akaja na kanga yake ya mafuta mafuta.

"Wee Shabani. Unafanya nini?"

"Nasaini, shangazi. Choo kimekamilika."

"Umefungua mlango?"

"Shangazi, kuna utepe."

"Nimeuona. Utepe ni kufuli?"

"Mgeni rasmi hajafika. Nikiukata nitakuwa nimemvunjia heshima diwani."

"Sijasema ukate. Inama, upite chini, ufungue mlango, uchungulie. Una mgongo wa miaka thelathini."

Akina mama wenzake wakaanza kucheka. Mmoja akasema, "Mwacheni, Msomi ataukagua kwa maandishi." Diwani naye akacheka, akaniwekea mkono begani, akasema kwa sauti ya chini, "Katibu, utaanza kuchungulia vyoo mbele ya wageni? Kazi ya mlinzi hiyo." Nikaona aibu imenipanda hadi masikioni. Nikasaini. Mkia wa taa ukatoka mrefu kuliko siku zote, ukavuka mstari ukaingia kwenye jina la diwani.

Mgeni rasmi akafika. Ngoma ikapigwa, pilau ikapikwa, na sufuria zile zingelisha Chalinze nzima pamoja na malori yake. Mgeni akakata utepe, akapigwa picha, akapeleka mkono kwenye kitasa cha mlango, na diwani akamshika kiwiko taratibu: "Mheshimiwa mgeni, chakula kiko tayari." Hapo ndipo ninapomvulia kofia yule mtu, kwa ubaya. Anatujua watu wa pwani. Alijua tuna haya. Mgeni mkubwa utamfungulia vipi choo umwambie tazama ndani? Choo ni jambo la stara. Angetaka kutuibia zahanati, mgeni angeingia vyumbani. Angetaka kutuibia darasa, mgeni angekaa dawatini. Yeye akachagua choo.

Magari yalipoondoka, shangazi Mwanahawa ndiye aliyetangulia, na kopo lake la maji. Bahari ilikuwa imejaa. Tukamwona anaingia mlango wa kwanza. Akatoka. Akaingia wa pili. Akatoka. Akamaliza yote sita, akaja kusimama mbele yangu, na kopo limejaa vilevile.

"Kuna sakafu," alisema. "Tundu wamelichora."

Nilikimbia kwenda kuona. Wallahi, mwanangu, hapa siongezi chumvi ingawa ndiyo ilikuwa kazi yangu. Sakafu ya saruji, na katikati yake duara la chaki, mahali ambapo tundu lingekuwa. Milango sita, maduara sita. Chini hakuna shimo hata la kaa.

Malalamiko yakaandikwa, yakapita ofisi kadhaa, na baada ya miezi maofisa wanaochunguza rushwa wakasema wanakuja. Siku moja kabla, diwani akaja kwangu. Alivaa kanzu, akakaa mkekani, akauliza hali ya mbuzi.

"Katibu, nimekuja kwa ajili yako, si kwa ajili yangu," akaanza. "Kesho watakuuliza kama uliangalia ndani. Ukisema hukuangalia, unajua watu watasemaje? Watasema yule Msomi wetu alisaini kitu asichokijua. Watakucheka hadi uzeeni. Sema tu shimo lilikuwepo, mvua za masika zikalifukia, sakafu ikazibwa kwa usalama wa watoto. Litaisha."

Kesho yake nikakaa mbele ya ofisa, nikasema mvua. Mvua, mwanangu! Nikaieleza vizuri, nikaipa na radi. Ofisa akaandika, akaniuliza, "Na hii ni sahihi yako?" Nikajibu kwa fahari, astaghfirullah, "Ndiyo, yangu hiyo." Shauri likafa pale pale.

Nilipotoka nikampitia shangazi dikoni, na habari ilikuwa imeshanitangulia. Alikuwa anageuza samaki, hakuniangalia.

"Umesema mvua?"

Nikainama, nikasukuma kuni chini ya karai lake.

"Shabani, mimi sikukulaumu kwa kusaini. Ujinga tunao wote. Lakini ungesema hukufungua mlango, tungekucheka wiki moja, tukachoka, tukaendelea na kazi, na choo kingechimbwa. Sasa wewe hujachekwa, na sisi tunarudi mikokoni."

Akanipakulia samaki kama kawaida. Alinipakulia kila siku mpaka alipofariki, na mpaka siku hiyo bado alikuwa hanywi maji kutwa. Nimekula samaki wengi maishani, lakini wale sijui niliwamezaje.

Diwani hakukaa udiwani. Shauri lilipokufa, akasimama jukwaani akasema, "Nimechunguzwa, nimeonekana safi," watu wakamshangilia. Akawa mkubwa wa halmashauri. Akapanda tena, akapanda tena, sasa ana kiti cha kuzunguka na gari la vioo vyeusi. Na kila aliposema ameonekana safi, mimi nilijua usafi ule umeandikwa kwa kalamu ya nani. Leo tena kuna tuhuma: mradi wa maji, sijui na nini na nini. Hayo mimi siyajui, na sitasema nisichokiona. Nilishafanya hivyo mara moja inatosha. Wenye kuyajua wayaseme, na yeye ajitetee mbele ya wanaohusika. Kama kwenye huo mradi wa maji ni msafi, na awe msafi.

Ila nyinyi! Nyinyi mnanipandisha presha. Mtu anatuhumiwa, badala ya kuuliza bomba liko wapi, mnauliza nani kamtuma anayeuliza. Mnavaa kofia. Mnaimba. Mnaandika kwenye simu zenu, "Mzee wetu hagusiki." Mmesoma shule za mchana, zenye madirisha na madawati, tena mna vyeti vya kubandika ukuta mzima, halafu mnazunguka nyumba kwa nyumba mnawaambia wazee wasaini tu hapa chini! Mimi niliyekaa juu ya gunia nilikuwa na kisingizio. Wewe je?

Karatasi yako nimeisoma, ingawa hukutaka kunisomea. Ipo aya inayosema wazee tunathibitisha kuwa tangu akiwa diwani hajawahi kuhusishwa na ubadhirifu wowote. Tangu akiwa diwani, mwanangu. Yaani mnataka niingie tena kile choo, nitoke niseme nimeona tundu.

Basi jana asubuhi nimevaa kanzu yangu ya Idi, nimepanda bodaboda hadi mjini Bagamoyo, kwa maofisa wanaochunguza rushwa. Nikapokewa na binti mmoja, mpole, umri wa mjukuu wangu. Nikamweleza yote, choo, utepe, chaki, na mvua yangu yenye radi. Alikuwa anaandika; alipofika kwenye maduara ya chaki akaweka kalamu chini akacheka hadi machozi. Kijana aliyekuwa meza ya pili akacheka. Aliyeleta chai akauliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka. Nikakaa pale nachekwa, jasho linanitoka, na nikaona kumbe si kifo. Kumbe kicheko kinapita.

Akachapa maelezo yangu, akanigeuzia nisaini. Nikavaa miwani, nikasoma. Nikarudia. Nikaanza mara ya tatu.

"Babu," akasema, "ni ukurasa mmoja tu."

"Najua, mama. Na mimi nilishindwa mlango mmoja tu."

Nikasaini. Mkia sikuutia.

Karatasi yako hii hapa, nakurudishia, nafasi yangu iko wazi. Usinikasirikie, na hata ukinikasirikia, nyumba ni yako, samaki wapo. Nasaha yangu ni hii, na sina nyingine: jina lako usiliweke mahali ambapo macho yako hayajafika. Mtu akikuharakisha kusaini, keti. Akikwambia kuchungulia si kazi yako, chungulia mara mbili. Na ukishakosea, kwa maana utakosea, wewe ni mtu, sema siku hiyo hiyo kwamba umekosea, uchekwe, yaishe, kabla mwenzako hajazunguka nao uwongo wako miaka yote kama cheo chake. Mheshimiwa umpende ukitaka, mpigie kura ukitaka, lakini kwanza mwulize maji yako wapi, ukafungue bomba kwa mkono wako.

Mungu akupe mgongo mwepesi wa kupita chini ya utepe, na uso mgumu wa kuchekwa. Akupe kazi ya halali na wazee wa kukukemea. Na siku utakapopita dikoni, wachimbieni mama zenu choo. Milango ya kile cha zamani ilishang'olewa kitambo, lakini sakafu bado ipo, na bahari bado inajaa. Amin.