Breki ya Kukanyaga Mara Tatu

Wifi yangu ni fundi wa malori, mimi napaka magari rangi, gereji hiyohiyo moja. Na huyu mwanamume nitakayemsema hapa ni mumewe, kaka yangu wa tumbo moja. Nasema mapema ili mtu asidhani namsengenya mgeni. Ndugu yangu mwenyewe ndiye aliyenichemsha damu.

Asubuhi hiyo alikuwa akimkabidhi mwanawe lori. Mpwa wangu amepata leseni juzi, amejifunza kwenye lori hilohilo, na safari yake ya kwanza peke yake ilikuwa kuteremsha saruji mlima mzima hadi bondeni. Baba mtu kasimama kwenye ngazi ya mlango, anamkumbusha kwa madaha: "Breki yake ina tabia, unaijua. Ya kwanza inazama, ya pili inapanda, ya tatu inashika. Ukishaizoea haina neno."

Wifi alikuwa chini ya gari jingine. Gereji nzima humwita Radi, na si bure. Alitoka na spana mkononi, akapanda, akakanyaga pedeli. Ikazama kama mguu kwenye tope.

"Tangu lini?"

"Ah, mama watoto, siku nyingi tu. Mimi naijua gari yangu."

"Tunalala nyumba moja, hukuniambia!"

"Ungeifungua yote, tukakaa bila kazi."

Wifi akalipiga jeki palepale, akavua matairi ya mbele. Mafuta ya breki yalikuwa yamejaa. Akapitisha kiganja kwenye mipira na mabomba yote, pakavu. Akanipandisha mimi nikanyage huku yeye akilegeza nipo, kile kiskurubu cha kutolea upepo. Yakatoka mafuta matupu, hata kipovu kimoja hakuna. Akafunga, nikakanyaga, ikazama vilevile. Tulirudia mpaka paja likaniuma, na kaka pembeni anacheka: "Si niliwaambia? Ndiyo tabia yake." Haki ya Mungu, angekuwa karibu ningempaka rangi usoni.

 Kisha wifi akachuchumaa kushoto, akaenda kulia, akarudi kushoto. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi ilibidi nionyeshwe kwa kidole: nipo zote mbili zilikuwa upande wa chini, na hewa hukaa juu. Kalipa ya kulia, kile chuma kinachobana pedi za breki, ilifungwa kushoto, ya kushoto ikafungwa kulia. Tungetoa upepo mwaka mzima tusiuguse.

"Nani alizifunga hizi?"

Kaka akaanza kutafuta kitu kwenye mfuko wa shati. "Nilibadilisha pedi mwenyewe, ulipokwenda kumuuguza mama yako."

"Na niliporudi? Mkeo fundi, ukaona haya kuuliza?"

"Watu wangesema nini?"

"Mficha uchi hazai, kaka," nikadakia. "Wewe umeficha, umezaa, na sasa unataka kuua."

 Wifi alizirudisha kalipa mahali pake, akatoa upepo, na safari hii povu lilitoka likikoroma. Pedeli ikasimama juu, ngumu. Akarudisha matairi, akaweka pipa tupu mwisho wa uwanja, akamwambia mwanawe, "Njoo nalo mbio, usimame kabla ya pipa. Kanyaga mara moja, usiachie."

"Sawa, mama."

Lori likaja. Nililisikia likishika, likaachia, likashika, likaachia. Pipa likarushwa mpaka ukutani.

Kijana alishuka. "Mama, mguu umekwenda wenyewe, kama ulivyozoea."

Nilimtazama kaka kwa hasira ambayo sijawahi kuwa nayo kwa mtu wa damu yangu. Wifi hata hakumtazama. "Baba watoto, kalirudishe pipa," alisema. Kaka akaenda, akalisimamisha, akageuka aondoke.

"Baki hapohapo, kando yake. Mwanangu, rudi nyuma, uje tena."

Kaka akabaki. Mgongo ameubana ukutani, mikono yote miwili juu, na lori lilipoanza kunguruma upande wa pili wa uwanja, sauti ya kaka ilisikika mpaka barabarani.

"Mara moja, baba! Kanyaga mara moja!"