Biskuti za Kubonyea

Limau liliingia kwenye nyufa za vidole vya Ndeshi, naye akauma meno asipige kelele. Mikono yake haikuwa mikono tena, ilikuwa magome. Maji ya dawa ya kung'arisha mashuka yalikuwa yameila mpaka kwenye kucha, na kila asubuhi alipokunja ngumi ya kwanza, ngozi ilipasuka upya. Ndiyo sababu siku ile, ukungu ukiwa bado umeyalalia mabati ya Karatu, alikuwa jikoni kwake akiparua maganda ya limau kwenye kikwaruzo cha karoti, moyo ukimwenda mbio kama wa mtoto anayesubiri matokeo ya darasa la saba.

Mtihani wenyewe ulikuwa biskuti.

Mtaani aliitwa Mama Angel. Alikuja Karatu kutoka Machame alipoolewa na Elimringi, dereva wa watalii, mwanamume ambaye tembo walimwona mara nyingi kuliko mkewe. Yeye akapata kazi ya dobi kwenye loji moja iliyo njiani kuelekea geti la Ngorongoro. Akafua, akaanika, akapiga pasi. Lakini raha yake ilikuwa kuoka. Keki za kipaimara za nusu ya mtaa alizioka yeye, kwa sufuria, mchanga na makaa. Kila alipomwomba meneja wake, Martini, amhamishie jikoni, Martini alijibu, "Tutaona, Mama Angel." Hiyo tutaona ilikuwa imeshaota mvi.

Juma lile mpishi wa keki akaacha kazi ghafla, akaenda zake Arusha. Siku mbili hazijapita, akafika Bibi Edithi, Mmarekani mzee aliyezoea kuja kila mwaka barabara inapokauka. Safari hii alifungua begi akatoa pakiti ya matunda madogo, makavu, meusi yenye ubluu. Aliyaita bluberi. Alitaka aokewe biskuti laini za limau na bluberi, kama zile alizokula kwao utotoni. Mpishi mkuu akasema yeye ni mtu wa nyama. Martini akajikuna kisogo, na macho yake yakamwangukia Ndeshi, aliyekuwa akipita na kapu la mataulo.

"Mama Angel, si ulisema unajua kuoka?"

"Najua, bosi."

"Haya. Kesho, chai ya saa kumi. Ila utaokea kwako, maana mpishi mkuu hataki mtu wa dobi jikoni kwake. Bibi akifurahi, unahamia jikoni. Akikunja uso, usinitajie tena habari ya jikoni mpaka nistaafu."

Bibi Edithi alimweleza Ndeshi mwenyewe jinsi ya kuziandaa, huku Noel, mhudumu wa mezani, akitafsiri. Siagi na sukari zipigwe mpaka ziwe nyeupe. Bluberi ziloweshwe kidogo. Limau lisionewe huruma.

"Sasa anasema hivi," Noel akaendelea. "Zitoke motoni zikiwa bado laini. Ukibonyeza, kidole kinazama. Ukisubiri ziwe ngumu, umeshachelewa."

"Si zitakuwa mbichi?"

Noel akamuuliza bibi. Bibi akacheka akatikisa kichwa.

"Hapana. Zikipoa zinajikaza zenyewe pembeni, katikati zinabaki laini."

"Noel, una hakika umemwelewa?"

"Mama Angel, mimi nakupa alichosema. Kama ni uongo, ni wake."

Hapo ndipo usingizi ulipomtoroka Ndeshi. Katika dunia yote aliyoijua, yaani Machame na Karatu, biskuti ilikuwa kitu cha kulia kra! mdomoni. Biskuti laini ilikuwa ile iliyosahauliwa wazi dukani ikaingia unyevu, ambayo mwenye duka humpa mtoto bure au huwatupia kuku. Hajawahi kuiona biskuti laini inayosifiwa. Sasa ataijuaje iliyo laini na iliyo mbichi? Na ndani kuna mayai! Siku moja baada ya chai hiyo bibi alikuwa anashuka kreta ya Ngorongoro, na kule chini choo hakiko kila mahali. Mzungu mzee aharishe katikati ya simba, halafu waulize nani aliyempikia.

"Hivi ndiyo nini?" Mama mkwe wake, aliyekuwa amekuja kuwatembelea kutoka Machame, aliinama juu ya bakuli la bluberi. "Mama Angel, haya si mavi ya mbuzi?"

"Ni matunda, mama. Ya Marekani."

"Watu wana ndege, wana madaktari, halafu wanakula haya." Akaokota moja, akalitafuna. Akanyoosha mkono kuchukua la pili.

"Mama, tafadhali! Hayapatikani Karatu nzima. Hata Arusha hayapo."

Ni kweli. Unga wa ngano ulikuwepo tele, mayai ni ya kuku wake, malimau ni ya jirani. Lakini zile bluberi zilikuwa pakiti moja tu. Ndeshi akazichanganya kwenye donge kwa kijiko cha mti, taratibu, kama anayelaza mtoto.

Sinia lililoingia kwenye sufuria lake kubwa lilikuwa dogo, kwa hiyo aliligawa donge. Nusu ya kwanza akaifinyanga, akaipanga kwenye sinia, akaliweka sinia juu ya mchanga wa moto ndani ya sufuria, akafunika na kupalia makaa juu ya mfuniko. Akachuchumaa. Akafunua. Akafunika. Akafunua tena mpaka mama mkwe akamwambia, "Utazipa mafua hizo."

Harufu ya limau ilipojaa jiko, akabonyeza moja kwa kidole. Kikazama. Akazitoa, akazimwaga juu ya ungo mezani. Zilikuwa nyeupe, nono, zimelegea. Mama mkwe alizitazama kwa macho ya mtu aliyeonyeshwa mgonjwa.

"Ndeshi, mwanangu, hizi bado."

"Ndivyo alivyosema, mama."

"Aliyesema ni nani, yeye au yule kijana wa mezani?"

Hilo hasa ndilo lililokuwa likimla Ndeshi ndani. Makaa yalikuwa yanakaribia kwisha na nusu ya donge ilikuwa bado. "Mama, niangalizie kuku wasipande mezani," akasema, akachukua debe, akatoka mbio kwenda kibandani kwa Sinyati, mama wa Kimasai aliyekuwa akiuza makaa karibu na barabara. Magreda ya watu wa lami yalikuwa yakinguruma, vumbi jekundu limesimama hewani. Sinyati hakuwa mtu wa kuharakishwa. Alisalimia, akauliza habari za Angel shuleni, za Elimringi, za mama mkwe, kisha ndipo akachota makaa.

"Mbona unahema hivyo? Nani anaumwa?"

"Hakuna anayeumwa, yeyo," Ndeshi akamjibu kwa neno la Kimasai la mama. "Bado."

Aliporudi, harufu ilimpokea mlangoni. Haikuwa ya limau. Ilikuwa ya sukari inayotaka kuungua. Ungo mezani ulikuwa mtupu, na mama mkwe amechuchumaa mbele ya jiko, uso umemng'aa kwa joto na kwa wema.

"Nimezirudisha motoni," akasema. "Nimekuokoa. Zimeiva sasa, zimekuwa biskuti."

Ndeshi aliangusha debe. Alifunua mfuniko akaishika moja, akaigonga kwenye ukingo wa sufuria. Ikalia ko! ko! kama kokoto. Zote zilikuwa hivyo, kahawia, ngumu, bluberi zimegeuka vipunje vya mkaa.

"Mama." Sauti ilimtoka nyembamba. "Mama, umenifanya nini?"

"Nimefanya nini? Nikuache upeleke unga mbichi kwa watu? Waseme mkwe wa nani huyu, hakufundishwa?"

"Alitaka laini!"

"Hakuna mtu anayetaka biskuti laini. Hata asiye na meno anaichovya kwenye chai!"

Ndeshi alitaka kusema neno, akalimeza. Huwezi kulitema neno kama lile mbele ya mama wa mumeo halafu ukaja kuliokota. Alikwenda nje, akanawa uso, akarudi. Gari la wafanyakazi lingepita njia panda muda si mrefu. Akatia makaa mapya. Akafinyanga nusu iliyobaki, limau likimchoma kwenye nyufa. Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, amejifunika khanga mabegani.

Safari hii hakukuwa na donge jingine. Ndeshi alisimama juu ya sufuria kama mlinzi. Zikiwahi kutoka, ni mbichi. Zikichelewa, ni kokoto. Akabonyeza. Kidole kilizama sana. Akasubiri, akihesabu pumzi zake mwenyewe. Akabonyeza tena. Kikazama kidogo, na pembeni palikuwa pameanza kushika.

"Bado," mama mkwe akanong'ona, kama aliyeshindwa kujizuia.

Ndeshi akazitoa.

Alifika loji zikiwa kwenye bakuli la plastiki, limefungwa kwa kitambaa, amelipakata njia nzima huku gari likirukaruka na wenzake wakimtania kwamba amebeba maiti ya mfalme. Martini alifungua kitambaa, akabonyeza moja. Shimo la kidole likabaki pale pale. Martini naye alikuwa mtu wa Kilimanjaro, aliyezoea biskuti za kulia kra!

"Mama Angel, hizi hazijaiva."

"Zimeiva, bosi."

"Akiumwa tumbo?"

Ndeshi alichukua moja, akaitia yote mdomoni. Ndiyo mara ya kwanza kuionja, maana nyumbani hakuthubutu. Ilivunjika pembeni, kisha ikayeyuka katikati. Limau likapanda puani, na bluberi ikapasuka chini ya jino, chachu na tamu pamoja. Alitafuna akiisikiliza kama mtu anayetafuta unga mbichi ndani ya mdomo wake mwenyewe. Hakuuona. Au alikuwa haujui unavyokuwa?

"Peleka," Martini akamwambia Noel, kwa sauti ya mtu anayetia sahihi asichokisoma.

Ndeshi akarudi kwenye beseni lake. Chai ya saa kumi ilipita. Jua lilikuwa linaanza kushuka Noel alipokuja, trei kwapani.

"Amekula mbili. Zilizobaki kaomba zifungwe, anashuka nazo kreta kesho."

"Alikunja uso?"

"Alifumba macho."

"Kufumba macho ni vizuri au vibaya?"

"Sasa hilo nitalijuaje mimi?"

Martini naye hakusaidia. "Amesema nzuri," alikubali, "lakini tumsubiri arudi salama kwanza."

Kesho yake Ndeshi alianika mashuka kwenye kamba iliyotazama barabara. Kila vumbi lililoinuka upande wa geti, mikono yake ilisimama. Likapita lori la magogo. Likapita gari la wamisheni. Mchana ukaenda, upepo ukaanza kuwa baridi, na gari la bibi halijaonekana. Akamwona akilini amelala kwenye kiti cha nyuma, kijani, ameshika tumbo. Akajiona mwenyewe akifungasha.

Kisha gari lake likaingia kwenye geti la loji. Mlango ukafunguliwa. Bibi Edithi alishuka mwenyewe, kofia imejaa vumbi, akajinyoosha mgongo, akamkabidhi Noel karatasi iliyofungiwa biskuti, sasa haina kitu, imekunjwa vizuri. Akauliza kitu. Noel akageuka kuelekea kambani, akapiga kelele kwa furaha:

"Anauliza kama zipo nyingine!"

Ndeshi hakujua alikuwa ameshika shuka jeupe, wala kwamba lilikuwa limeshuka lote likalala kwenye udongo mwekundu, mpaka Martini alipomfokea kutoka barazani.

"Mama Angel! Shuka hilo! Lirudi majini sasa hivi!"

"Ndiyo, bosi!"

"Ukimaliza kulifua, njoo uchukue aproni."