Jaja Hataki Kuhama

Hapana, hatukuwa ndugu. Najua utaanzia hapo, kila mtu anaanzia hapo. Hakuwa mama yangu, hakuwa shangazi, wala mama mkwe. Mama mkwe wangu mwenyewe, Mungu amrehemu, singemfungia hata kamba ya kiatu. Jaja alikuwa jirani. Ukuta wake ndio ulikuwa ukuta wangu. Akikohoa upande wake, nasema pole upande wangu, naye anajibu, "Wewe Mnubi, huna kazi, unasikiliza kifua cha watu?"

Jaja ni bibi, kwa Kiganda. Yeye Muganda wa kanisani, mimi Mnubi wa msikitini, tulikaa Kisenyi miaka na miaka bila kugombana ila kwa mambo ya kuku. Pale wanapouza betri za magari sasa hivi, ndipo palikuwa na mlango wake. Vyumba viwili, bati juu, mume wake alijijengea mwenyewe kwa jasho la sigiri. Alikuwa anatengeneza sigiri kule Katwe, yale majiko ya mkaa, anayakata kwenye mapipa ya mafuta. Alipokufa, mtoto wao wa mwisho akashika nyundo ya baba.

Huyo mtoto ndiye hadithi yote.

Ilikuwa wakati ule wa utawala wa wanajeshi, unaujua, au umeambiwa. Mchana mmoja walikuja Katwe watu wa miwani myeusi, wakauliza jina lake, wakamtia kwenye buti ya gari. Wenzake waliendelea kugonga mabati, maana angenyamaza mtu, huyo ndiye angeangaliwa. Basi. Gari likaenda. Mpaka leo hakuna anayejua alifanya nini, na mimi nafikiri hakufanya kitu.

Jaja alimtuma binti yake, yule aliyeolewa Kawempe, akaulize kwenye geti la kambi ya jeshi. Askari alimjibu kwa Kiswahili chao kile cha kukata kwa panga: "Wewe mama, kwenda nyumbani. Hapa hakuna mutu yako." Binti akarudi, na hakwenda tena.

Ukapita muda, wakaja wazee wa ukoo. Walikaa kwenye mkeka, wakakohoa, wakasema polepole kama watu wanaokanyaga mayai. Kwao, mtu akipotea na mwili usipatikane, wanakata mgomba, wanauvika sanda, wanauzika mahali pake, wanamlia, yanaisha. Walikuja kuomba ruhusa ya mama. Jaja aliwasikiliza mpaka mwisho, akawapa chai bila sukari, sukari haikuwepo mji mzima, halafu akasema, "Huo mgomba mkiuzika, mmemfungia mlango. Mwanangu anajua mlango mmoja tu, ni huu. Namngoja hapa." Wazee wakachukua kofia zao.

Basi ndiyo maana hakutaka kuhama. Hakuwa mkaidi, wala hakupenda sana Kisenyi. Nani angeipenda Kisenyi wakati wa mvua?

Lakini macho yalikuwa yanakwisha. Utando mweupe ulikuwa unakuja polepole. Kwanza alianza kuusalimia mlingoti wa nguo akidhani ni mimi, nikamwambia, "Jaja, huo ni mti, mimi ndiye mnene." Alicheka. Halafu siku nyingine akashika sigiri ya moto, na hapo hatukucheka.

Binti yake alikuja kila Jumapili baada ya kanisa. Anapiga magoti mlangoni, anasalimia vizuri kama walivyomfundisha, halafu anaanza, kwa ile sauti yake ya puani: "Maama, njoo Kawempe. Kuna kitanda, kuna wajukuu, kuna watu wa kukuangalia." Jaja anajibu, "Kuna mtoto wangu huko?" Binti anainuka, anarudi kwake. Mwisho akaweka sharti: "Maama, siku nitakayokukuta umeanguka, sitauliza tena. Nitakuchukua."

Kuanzia siku ile, sisi watatu tukawa na kazi ya kuhakikisha Jaja haanguki. Mimi, na mama mmoja Mkongo aliyekuwa akikaanga samaki nyuma kule, na mke wa polisi, mwanamke wa kaskazini, mrefu kama mlango, roho yake laini kama uji.

Mwanzo tulikosea. Tulimpikia, tulimfagilia, tulimshika mkono kila mahali. Akakasirika, akala kidogo, akaanza kulala mchana kutwa. Mkongo ndiye aliyeona. Alisema kwa ule wimbo wake, "Ee mama, tunamuzika mwenyewe muzima." Tukaacha. Tukajifunza kusimama karibu tu. Mimi nawasha mkaa, yeye anapika. Chumvi ilikaa kwenye kopo lenye kijiwe ndani, akilitikisa anajua si majani ya chai. Kisu mahali pake, ndoo mahali pake, na ukihamisha kitu ndani ya nyumba ile ungesikia matusi ya Kiganda mpaka kwenye maegesho ya teksi.

Na kamba. Mkongo aliona kwao kipofu mmoja akienda mtoni kwa kamba. Basi tukafunga ya katani, kutoka nguzo ya mlango wa Jaja mpaka mlango wa choo. Penye jiwe tukapiga fundo. Penye kona, mafundo mawili. Jaja anaishika, anakwenda, anarudi, anajifunga leso vizuri kama mke wa waziri. Nikimkuta njiani namwambia, "Jaja, gari moshi linakwenda wapi leo?" Anasema, "Linakwenda kukupisha, toka relini."

Kila jioni alipika vya watu wawili. Fungu la mtoto analifunga kwenye jani la mgomba, analiweka kwenye majivu ya moto lisipoe. Asubuhi ananiita. "Amekawia. Kula wewe." Mimi nimekula sana chakula cha yule kijana. Matoke yake, kunde zake. Nilikuwa nakula natazama ukuta.

Jua likianza kushuka alikuwa anataka mji. "Mnubi, reta habali." Mimi shule niliiona kwa nje tu, lakini sauti ya mtu ikiingia sikioni haitoki. Basi namletea, kwa sauti zao, foleni ya sabuni nzima: mke wa meja anavyoomba kupita mbele, Mhaya anavyojibu, askari anavyopiga chafya. Namletea padri wao. Namletea binti yake, na pua yake, na Jaja anacheka mpaka anashika mbavu anasema acha, dhambi.

Jioni moja alisema, "Mfanye yeye."

Nilijua nani. Nikasema simkumbuki vizuri. Akasema, "Unamkumbuka. Hodi yake." Yule kijana alikuwa hagongi mlango, alikuwa anasugua bati la mlango kwa kucha halafu anasema, Mama, nimechoka, kuna nini? Nikatoka nje, nikasugua bati, nikasema. Jaja ndani akasema, "Hapana. Yeye anavuta mwisho." Nikarudia. "Bado. Yeye hana huzuni, ana njaa tu." Nikarudia tena, kwa njaa. Nilipoingia alikuwa ameshasimama, ameelekeza uso mlangoni, na mikono yote miwili ilikuwa imeshika lile jani la chakula. Halafu akasema, "Umempata. Usirudie tena."

Sikurudia.

Sasa ile Jumapili. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya chumvi, kwa hiyo haya nimeambiwa na mke wa polisi mwenyewe, kwa machozi. Alikuwa amepata kipande cha sabuni, na sabuni siku zile ilikuwa kitu cha kunusa tu, akafikiri, leo binti anakuja, akute shuka za mama yake zinanukia. Akazifua zote. Kamba ya kuanikia hakuwa nayo. Akafungua ile ya Jaja upande wa choo, akaivuta mpaka kwenye nguzo ya huko mferejini, kwenye jua, akaanika. Angeirudisha zikikauka. Jaja alikuwa amelala.

Jaja akaamka. Akashika kamba yake, kamba ambayo haijawahi kumdanganya, akaifuata. Akakuta shuka, akazisukuma kwa mkono, tena anacheka, anasema, "Mnubi, toka relini." Alidhani ni mimi. Akazipita, akaingia mferejini.

Hakuvunjika. Alilowa tu, na goti likachubuka. Nilipofika na chumvi yangu, binti alikuwa ameshafika, amepiga magoti kwenye matope na gauni la kanisani, anamfuta mama yake miguu. Mke wa polisi analia. Mkongo ameshika taulo, hajui ampe nani.

Binti hakupiga kelele. Alisema leo wanaondoka. Akaniangalia mimi, akasema watu wangu, Wanubi wa jeshini, ndio wenye bunduki, na sasa nimemfungia mama yake kwa kamba kama mbuzi. Siku zile Mnubi angejibu nini?

Jaja ndiye aliyejibu. "Huyu ni macho yangu. Muache." Halafu akatafuta uso wa binti yake kwa mkono, akaushika, akamwambia taratibu, kama anamfundisha mtoto, kwamba kuanguka si kitu, watu wazima wanaanguka, kamba itarudishwa mahali pake. Kwamba hawezi kwenda. "Nikienda, akisugua hilo bati, nani atamfungulia?"

Binti alirudi kwenye miguu ya mama yake, akaifuta tena. Nikadhani ameshindwa, atasimama, atakung'uta gauni, atarudi Jumapili ijayo kama siku zote.

Sauti zote za hapa nimezifanya, unazisikia. Hii ya binti, ya siku ile, sijawahi kuifanya, hata peke yangu. Nakuambia maneno tu. Yalikuwa machache, na baada yake hapakuwa na mabishano, wala vitu vya kufunga. Jaja aliomba fimbo na mkeka, wakaondoka. Sigiri aliiacha inawaka. Jani alilokuwa ameshalikata kwa ajili ya jioni lilibaki juu ya kopo la chumvi mpaka likakauka, nikalitupa mimi.

Binti alisema, "Maama, tulishazika mgomba."