Foni Iliyosema Kutwa Jumapili Tu

Niliporudi Kamina kutoka Lubumbashi na diploma yangu ya umeme, watu wa avenyu yetu walisema sitamaliza wiki kazini. "Ule mutoto wa reli? Atachoma mashini, batamufukuza." Leo nimestaafu, na katika mashine zote zilizopita mikononi mwangu haikuungua hata moja.

Siku ya kwanza, Shefu, mkubwa wa ofisi ya mizigo ya stesheni, alinionyesha foni, yaani redio ya kuongea na vituo vya mbali kama Luena. Betri yake ilikuwa imezeeka, hivyo ilitegemea bamba la umeme wa jua lililolazwa juu ya bati. Kila siku ilinyamaza saa nne asubuhi. Jumapili peke yake ilisema hadi jioni.

"Iko mukristu," karani alinitania. "Siku ya Bwana njo inafurahi."

Shefu hakucheka. "Teknisia, nakupatia mpaka Ijumaa. Luena bakikosa kunisikia tena, utarudia kwenu na diplome yako."

Nilipima betri, nikasafisha nyaya, nikabadilisha fyuzi. Alhamisi, saa nne, ikanyamaza. Fundi mwingine angefungua mashine tena. Mimi nilichukua ngazi. Juu ya bamba vipande vya mihogo vilikuwa vimepangwa vizuri kama vigae. Kioo kile laini kilikausha haraka kuliko bati. Mwenye mihogo alikuwa mama mkwe wa Shefu, aliyekaa nyuma ya ofisi. Kila siku aliianika saa nne, jua likishakuwa kali; Jumapili hakuanika, alikuwa kanisani.

Nilipomweleza Shefu, alishika kichwa. Kwetu Baluba, kumkabili mama mkwe kwa lawama ni aibu kubwa, na mkewe alikuwa amesafiri.

"Minyi siwezi. Enda weye."

Nikamkuta mama akimenya mihogo mingine.

"Mama, ile kioo inakunywaka jua. Mihogo yako inaifunika, inabakia na kiu."

"Inakunywa tangu asubuhi, na haishibi?"

"Tumbo yake imezeeka, mama. Njo betri. Haichungi jua ya asubuhi."

Akanitazama kuanzia viatu. "Basi weye wa diplome, panda, unishushie. Kimoja kisianguke."

Nilishusha kipande kwa kipande. Beseni halijajaa, sauti ya Luena ikatoka dirishani ikiita Kamina.

Ijumaa Shefu alitia sahihi mkataba wangu. Na tangu siku ile, kila alipokuwa na neno gumu kwa mama mkwe wake, aliita teknisia. Kazi hiyo haikuandikwa kwenye diploma yangu, lakini niliifanya vizuri pia, mpaka siku ya kustaafu.