Mifuko Miwili ya Nashoni

Hakuna mtu pale Nyarero aliyewahi kumwona Nchagwa akiogopa kitu. Siku ya kutahiriwa hakupepesa jicho. Mwaka juzi fahali alimchana paja, akashonwa huku anaulizia bei ya mahindi. Kwa hiyo Nashoni, mtu wa rika lake aliyesimama naye mbele ya kisu siku ileile, alipokuja kusema mama yake, Agustina, anafanyiwa upasuaji mjini Tarime na wanatakiwa watu wawili wa kuchangia damu, Nchagwa hakusubiri kuombwa mara ya pili. Asubuhi wakapanda bodaboda moja. Nashoni aliapa kwamba wataingia pamoja na kutoka pamoja.

Hospitalini nesi Tumsifu aliwapima, akasema wote wanafaa. Nashoni akaomba mkubwa atangulie. Nchagwa alimzidi kwa wiki mbili tu.

Sindano hakuihisi sana. Kilichomponza ni kugeuza shingo, akaona damu yake mwenyewe inajaza mfuko taratibu, nyeusi kuliko alivyodhani. Alimsikia nesi akimwambia asifumbe macho, kisha hakusikia tena.

Alizinduka miguu ikiwa juu ya mto, anashikiwa soda mdomoni kama mtoto. Mfuko ulikuwa umejaa. Kitanda cha pili kilikuwa kitupu.

"Mwenzangu ameshatoa?"

"Alisema anakwenda msalani," Tumsifu akajibu. "Hajarudi."

Alimsubiri hadi saa nane, akarudi peke yake. Kwa Nashoni alikuta watu wamejaa uani. Nashoni amekaa kwenye kiti, mkono umefungwa kitambaa, mkewe Regina anamletea maini. Alikuwa anasimulia kwamba yeye wamemtoa mifuko miwili, kwa sababu Nchagwa alianguka kabla hata ya kuguswa.

Nchagwa alikunja shati, akawaonyesha plasta.

"Walimwonea huruma, wakambandika," Nashoni akasema bila kumtazama.

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Bhoke, mke wa Nchagwa, alikuwa miongoni mwao. Yeye hakucheka. Alimtazama mumewe kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Baada ya siku tisa Agustina alirudi nyumbani, amepona. Nchagwa alikwenda kumwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimesikia ulijaribu," bibi akasema kwa upole. "Mwanangu ndiye ameniokoa. Damu yake inatembea humu ndani."

Nashoni alikuwa amesimama nyuma ya kiti, anatazama vidole vyake vya miguu. Maneno yalimfika Nchagwa mdomoni. Akamtazama yule mama anavyofurahi, akayameza, akasema anashukuru amepona.

Wiki iliyofuata Nashoni alileta beberu, akamfunga nje kwa Nchagwa, akaondoka. Nchagwa alimfungua, akamrudisha mwenyewe. Bhoke alipomuuliza anakataaje mbuzi, ndipo akamweleza yote.

"Mbona hukusema siku ile, mbele ya watu, kwamba alitoroka?" Bhoke akauliza.

Nchagwa alichukua fimbo, akaenda kuwaangalia ng'ombe.